Kadi ya Kilo Thelathini na Moja

Njia ya mwongo ni fupi, lakini njia ya kutoka Bwera mjini hadi mpakani Mpondwe ni fupi zaidi, na humo waongo hupishana juu ya boda boda kutwa nzima. Habari ya Hasifa na kadi ya benki imepita njia hiyo mara nyingi, na kila aliyeibeba ameitia chumvi yake. Ukiikung'uta chumvi yote, inabaki mizani. Na mizani ya Hasifa hakuna aliyewahi kuitilia shaka.

Hasifa alikuwa mnunuzi wa kahawa. Ghala lake lilitazama barabara, na katikati ya sakafu ilisimama mizani ya sahani, yenye uso wa mviringo kama saa ya ukutani na mshale mmoja mwekundu. Wakulima walioshuka kutoka Mahango, mlimani, na magunia mgongoni waliipita milango mitatu ya wanunuzi wengine ili wafike kwake, kwa sababu yeye alikata kilo moja tu ya gunia lenyewe, na wenzake walikata mbili wakisingizia unyevu. Akishapima na kulipa, alimpa muuzaji nyongeza: kipande cha sabuni, au chumvi ya kujaza kiganja. Ng'ambo ya mto, kwa Wakongo, wanaiita matabisi. Pasipo nyongeza biashara haijaisha. Mtu atasimama mlangoni saa nzima anakutazama tu, mpaka umkumbuke.

Mumewe, Siraje, aliendesha lori lao la Fuso, akipeleka kahawa Kasese na kurudi na magunia matupu, maturubai na mafuta ya kupikia. Matairi ya lori hilo yalikuwa yamekwisha, yamebaki laini kama maganda ya papai. Mvua zilizopita liliteleza karibu na Kisinga, likazunguka kama kuku aliyekatwa kichwa, likasimama gurudumu moja likining'inia juu ya mtaro. Tangu siku hiyo, lori likichelewa, Hasifa hakula. Alisimama mlangoni akisikiliza barabara.

Hivyo basi mwaka wa 2018, mavuno yakiwa yamepamba moto, alipokuja kijana wa benki kutoka Kasese, jina lake Byamukama, na mkoba wa karatasi, alimkuta mtu mwenye haja.

"Madamu Hasifa, hii si mkopo ile ya kuweka hati ya shamba," alisema Byamukama, akiisha kupewa kiti. "Hii ni kadi ya biashara. Unanunua dizeli, unanunua spea, benki inalipa. Wewe unakuja kulipa benki ndani ya siku arobaini na tano. Riba hakuna."

"Na siku ya arobaini na sita?"

Byamukama akacheka. "Ya arobaini na sita tunaanza kuongea riba."

"Basi benki inakula nini hapo katikati?"

"Hapo ndipo penye utamu, madamu. Benki ndiyo inakulisha wewe! Kila ukinunua, unapata pointi. Pointi zikijaa, unachagua zawadi."

Akafungua kitabu cha picha. Chupa ya chai. Mwavuli. Redio. Ukurasa wa mwisho, matairi sita mapya ya lori, meusi, yenye meno marefu: pointi laki moja. Siraje, aliyekuwa anatafuna karanga mlangoni, akaacha kutafuna.

Ndani ya ghala alikuwamo pia Mama Edisa, kikongwe wa Mahango, ambaye kahawa yake ilikuwa imekwisha kupimwa na sasa anangoja chumvi yake. Akauliza, "Hiyo nyongeza inatoka gunia ya nani?"

"Haitoki gunia ya mutu, mama. Iko bure."

"Nimefika miaka themanini," alisema Mama Edisa, "sijaona nyongeza haina gunia. Mama yangu alitukataza: nyongeza, pokea kwa mutu unaona mukono yake." Akafungua kiganja chake mbele ya Hasifa, na Hasifa akamjazia chumvi, na kikongwe akaenda zake.

Hasifa hakuwa mtu wa kurukia jambo. Alitwaa ungo, akauweka kati yake na mumewe. Upande wa kulia kahawa iliyokobolewa, kwa faida. Upande wa kushoto kahawa yenye maganda, kwa hasara. Siraje akaanza.

"Dizeli hata siku mfuko uko mtupu." Punje moja kulia. "Sitembei tena na noti kiunoni kama chambo cha majambazi." Ya pili. "Ya gari itajulikana ya gari, ya jikoni itajulikana ya jikoni." Ya tatu. "Kadi ya pili, ya dereva, bila malipo." Ya nne. "Na matairi." Akatupa punje sita.

"Matairi ni jambo moja, Baba Jalia."

"Lakini yako sita!"

Hasifa akaziondoa tano. "Riba," alisema, akaweka punje kushoto, "na sisi ni watu wa kuswali. Ada ya mwaka. Mkulima wa Mahango hataki kadi, anataka noti aikunje. Na hii kubwa kuliko zote," akaweka punje nene, "mkono wako. Wewe ukiona pointi utanunua hata maji ya mto."

Tano kwa nne. Mambo mengine yote yakiwa sawa, ni hiyo ya tano iliyoshinda. Naye Hasifa, moyoni, aliiona ile punje ya tairi ikiwa nzito kuliko zote za ungo. Alipozikusanya punje za faida kuzirudisha guniani, moja ilipasuka kati ya vidole vyake. Ndani haikuwa na kitu, ilikuwa ganda tu. Akaipasua ya pili. Nayo vivyo hivyo. Akasema kimoyomoyo, wadudu.

Ikaja fomu. Na hapa ndipo Hasifa alipofanya kosa ambalo mwuza nguo asingelifanya, wala mwuza samaki. Mnunuzi wa kahawa hamwambii mgeni shilingi zake. Ukimwuliza biashara ikoje, atakutajia kilo, na hizo kilo ziko ukutani kwake kwa chaki, kila mtu anaziona. Basi fomu ilipouliza mapato ya mwezi, Hasifa akaandika kilo elfu nane. Ilipouliza mali iliyopo, akaandika kilo elfu nne na mia mbili. Mbele ya jina la mwenye kadi ya pili palikuwa na nafasi tupu, na kwa kuwa asubuhi ile Siraje alikuwa amejipima kwa mchezo, kama wanaume wa sokoni wanavyofanya wakiona mizani imekaa bure, Hasifa akaijaza nafasi ile: kilo themanini na nne.

Byamukama aliona, akacheka sana, akagonga mhuri.

Kadi zilikuja mbili, za kijivu, baridi hata juani. Ya Hasifa ilikaa kwenye kisanduku. Ya Siraje ilikaa mfuko wa shati, upande wa moyo. Alipotelezesha kadi mara ya kwanza kwenye kimashine cha kituo cha mafuta Kasese, simu ya Hasifa ililia kule Bwera: *Umepata pointi. Asante.* Ndani ya wiki tatu chupa ya chai ilifika, na mwavuli.

Wakati huo magunia ghalani yalikuwa yanapungua. Hayakutobolewa. Gunia lililolala na kilo sitini liliamka na hamsini na tisa, kamba ileile, fundo lilelile. Kahawa hukauka, hilo linajulikana, na Hasifa alijiambia hivyo. Kisha akajiambia panya. Msimu ukaisha, kahawa yote ikapanda lori, ghala likabaki sakafu, mizani na harufu. Hasifa akapumua. Hakukuwa na kitu tena cha kupungua.

Siku ya soko, kabla ya adhuhuri, Siraje alipanda mizani kwa mchezo wake. Mshale ukaenda, ukasimama sabini na tisa.

"Mizani yako imezeeka, Mama Jalia."

Hasifa akaleta jiwe la kilo ishirini. Mshale ukasimama ishirini, palepale. Akamtazama mumewe. Tumbo lilikuwa lilelile. Mashavu yalikuwa yaleyale. Kola ya shati ilimbana shingo kama kawaida.

"Unaumwa?"

"Mimi? Sijawahi kusikia vizuri hivi. Asubuhi naruka kwenye lori kama mutoto."

Na ni kweli aliruka. Watu walimwona sokoni akivuka mtaro bila kukusanya nguvu, akitua kimya, vumbi lisiinuke. Mbwa waliokuwa wakimbwekea waliacha kumbwekea. Walimtazama tu, vichwa wakiviinamisha.

Kisha akaja Twaibu wa boda boda, jioni, amekasirika.

"Mama Jalia, bwana yako ananifanyia mchezo gani?"

"Amefanya nini?"

"Nilimubeba hapa, tukaenda Mpondwe. Mbele ya hospitali nasikia pikipiki iko nyepesi. Nikasema, wee, mutu ameanguka! Sikugeuka kuangalia, nilipiga kona, nikarudi mpaka hapa mulangoni kwako kumutafuta chini. Ndiyo nasikia mutu nyuma ya shikio langu anasema, 'Twaibu, tunarudi kufanya nini?'" Twaibu akajifuta uso. "Alikuwa amekaa. Muda yote alikuwa amekaa. Nimebeba maiti, nimebeba mbuzi, nimebeba kitanda na mwenye kitanda. Sijabeba kitu iko namna ile. Pesa yake sichukui."

Hasifa alimngoja Siraje alale kidogo mchana wa kesho yake, shati likiwa limetundikwa kwenye msumari. Msumari ulikuwa umepinda. Akaitoa kadi mfukoni, na mkono wake ukashuka nayo, kama mtu aliyepokea ndoo alipotarajia kikombe. Akaiburuta hadi kwenye mizani, akaiweka katikati ya sahani. Mshale ulitetemeka, ukapanda taratibu, kwa adabu, kama mgeni anayejua njia. Kumi na tatu.

Siraje alipoamka akampima: sabini na moja, na hata alipovaa shati lenye kadi, mshale haukusogea.

Mwisho wa mwezi karatasi ya benki ilikuja, ikiwa na safu zake, kama zijavyo zote. Dizeli, tarehe, mahali. Spea, tarehe, mahali. Lakini penye shilingi palikuwa na kilo. Kilo mbili. Kilo moja na nusu. Kilo tatu. Na chini kabisa, kwa herufi nene: *Imekatwa kwa mwenye kadi ya pili. Pointi zako ni 71,400. Endelea kufurahia.*

Hasifa akamwekea Siraje karatasi ile juu ya magoti, na karatasi ikawa kama imemkandamiza.

"Lete hiyo kadi."

"Bado pointi elfu ishirini na nane na mia sita, Mama Jalia."

"Siraje."

Hakuwa amemwita kwa jina lake tangu mtoto wao Jalia azaliwe. Siraje akainamisha kichwa, lakini mkono wake ukaenda kufunika mfuko.

"Sikia mimi," alisema taratibu. "Wewe unaogopa kilo. Mimi naogopa ile kona ya Kisinga. Wewe hukuwa ndani. Niliona chini ya mtaro, niliona maji. Mvua zinarudi mwezi huu. Nipe safari tatu. Nipate matairi, halafu kadi uitupe mtoni."

"Na wewe nitakuokota wapi?"

"Mutu hawezi kuisha kwa sababu ya dizeli."

Akainuka, akaenda kuwasha injini. Lori liliondoka. Simu ililia mara mbili siku ile, mara moja kesho yake. Hasifa hakuisoma tena. Aliigeuza kifudifudi juu ya meza, na meza ikawa inatetemeka kidogo kidogo, kama kuku anayetaga.

Siraje aliporudi kutoka safari ya pili alishuka polepole, akishika mlango wa lori kwa mikono miwili. Upepo wa kutoka milimani ulikuwa umeanza, ule unaotangulia mvua. Ukamsukuma hatua moja pembeni. Akacheka. Ukamsukuma hatua ya pili. Hakucheka. Hasifa akatoka mbio, akamshika kiuno, akamwingiza ndani kama mtu anayeingiza nguo kabla hazijalowa. Mizani ikasema hamsini na tatu. Kadi peke yake: thelathini na moja. Uso wake ulikuwa uleule mnene, lakini ukimtazama dhidi ya mlango ulio wazi, macho yalichoka haraka, yakataka kutazama barabara iliyo nyuma yake.

"Kesho Kasese," alisema Hasifa. "Nami nimo."

Asubuhi akamfunga mapajani gunia la mchanga, ili akae kwenye kiti cha lori na mguu ufike klachi. Kwenye kona ya Kisinga barabara ilikuwa kavu, lakini lori liliyumba kidogo hata hivyo, na wote wawili walishika kitu kilekile, mpini wa gia, mkono juu ya mkono. Wa Siraje ulikuwa baridi, mwepesi kama glovu.

Ofisi ya Byamukama ilikuwa na feni ya darini. Siraje aliketi chini yake na gunia lake mapajani. Kila bawa la feni lilipopita, nywele zake hazikucheza. Alicheza yeye mzima.

"Nataka kufunga," alisema Hasifa.

Byamukama hakuwa akicheka siku ile. Alimtazama Siraje, akaangalia pembeni, akafungua faili upesi. "Ni haki yako, madamu. Lakini niko na wajibu kukuambia. Ukifunga, pointi zote zinapotea. Uko na tisini na nane elfu na mia sita. Ukienda hapo nje, kituo cha mafuta kiko mlango wa tatu, ujaze tangi mara moja, unafika laki. Matairi yako hapa stoo, naweza kukuonyesha. Halafu unarudi tunafunga. Nusu saa tu."

Akafungua mlango wa nyuma. Yalikuwapo kweli, sita, yamepangwa mawili mawili, mapya, yananuka mpira. Hasifa akayatazama. Aliona barabara ya kurudi nyumbani na mvua ya mwezi mzima. Aliona ule mtaro. Alijua kwamba tangi moja ni kilo tatu, labda nne. Amepima vitu maisha yake yote, hakuhitaji mshale. Hamsini na tatu toa nne. Mtu anaweza kuishi na arobaini na tisa. Wako wanaoishi.

"Mama Jalia," alinong'ona Siraje, macho yakiwa kwenye matairi. "Ni moja tu."

Bawa la feni likapita, naye akainuka kitini upana wa kidole, gunia na vyote, akarudi bila sauti. Mchanga wa gunia ulikuwa umeanza kumwagika sakafuni kutoka mshono ambao Hasifa mwenyewe alikuwa ameushona mara mbili. Rundo dogo, safi. Hata mchanga benki ilikuwa imeanza kuukata.

"Lete makasi," alisema Hasifa.

Kadi ya kwanza ilikatika kama kadi. Ya pili haikukatika. Byamukama alijaribu, akashindwa, akampa Hasifa. Naye akaikandamiza kwa uzito wa mwili wake wote, na makasi yakaingia polepole, kama kisu kinachoingia nyama mbichi yenye mishipa. Ilipoachana vipande viwili, kiti alichokalia Siraje kililia. Mguu mmoja wa kiti ukapasuka. Siraje akashusha pumzi ndefu, mabega yakashuka, na gunia la mchanga likaanguka kutoka mapajani kwa sababu sasa mapaja yalikuwa na mteremko wake.

"Imefungwa," alisema Byamukama, akiandika. Jasho lilikuwa likimtoka. "Isipokuwa gharama ya kufunga, madamu. Hiyo inakatwa yenyewe. Hairudi."

"Kiasi gani?"

Akageuza karatasi ili aone. Zilikuwa kilo nne tu.

Walirudi na matairi yao ya papai, mwendo wa mtu anayetembea na yai mdomoni. Mvua iliwakuta Kisinga. Hasifa alishuka, akatangulia mbele ya lori kwa miguu, kona yote, akimwonyesha Siraje kwa mkono pa kupita, naye akamfuata, hatua kwa hatua, taa zikiwa mgongoni mwa mkewe. Hivyo ndivyo walivyofika Bwera, wamelowa, wazima, na mvua ikawa imekatika.

Mbele ya ghala palikuwa matope mekundu mpaka kifundoni. Siraje alishuka wa kwanza, mzito, akipiga miluzi, akavuka kwa miguu yote miwili hadi mlangoni. Hasifa akamfuata, akiinua gauni, akitafuta nyayo zake ili akanyage palipokwisha kukanyagwa, kama mke anavyofanya. Akaona unyayo wa mguu wa kulia, umezama vizuri, na maji yanaanza kuujaa. Akatafuta wa kushoto. Matope yalikuwa laini, yamelala, hayajaguswa. Kilo nne. Mbele yake kulikuwa na wa kulia mwingine. Na mwingine.

Siraje akageuka mlangoni, akamwona amesimama kwa mguu mmoja.

"Unaruka ruka nini, Mama Jalia?"

"Matope," alisema Hasifa, na akaruka hadi wa pili, na wa tatu, mpaka alipoufikia mkono wake na kuushika.